Aliye Juu Usimngoje Chini: Mafunzo Niliyopata Katika Kushusha Miti Mjini

Porini mti huangushwa, mjini mti hushushwa. Ukiwa shambani Muheza na mkaratusi umesimama peke yake, unachagua upande, unakata, unaondoka. Lakini mwembe wa Chumbageni, hapa Tanga mjini, uliopandwa kabla ya nyumba, ambao sasa una bati la jikoni upande huu, ukuta wa jirani upande ule na nyaya za umeme mbele, hauna pa kuangukia. Hapo ndipo tunapoitwa sisi. Mtu mmoja anapanda, anakata kipande baada ya kipande, na kila kipande kinateremshwa kwa kamba mpaka kibaki kisiki.

Watu wakija kutazama, macho yao yote huwa juu, kwa kijana aliyening'inia na chenso. Wanadhani hatari ni urefu na meno ya msumeno. Hatari hizo zipo, lakini kila mtu anaziona, kwa hiyo kila mtu anajihadhari nazo. Kinacholemaza watu katika kazi hii ni vitu visivyoonekana: uzito wa maji ndani ya mti mbichi, nguvu iliyobanwa ndani ya tawi, uozo nyuma ya gome zima, na kamba ambayo jana ilibeba bila shida. Mengi ya haya nimeyajua kwa kuona, hapa Tanga na kwingineko. Mengine nimefundishwa na wakwezi wa minazi na mabaharia wa majahazi, ambao wanazijua kamba kuliko fundi yeyote wa nchi kavu.

1. Uzito unapigiwa hesabu, haukadiriwi kwa jicho

Kijana mpya akija kuomba kazi namwonyesha pingili ya shina na kumuuliza: hii ina kilo ngapi? Karibu wote hutaja nusu ya uzito wake, au chini ya hapo. Tumezoea kuni, na kuni ni mti uliokwisha kukauka. Mti mbichi umejaa maji, na kwa miti yetu mingi ukichukulia kwamba mita moja ya ujazo ina tani moja hivi, hutakuwa mbali na ukweli. Sasa chukua pingili yenye kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita 1. Ujazo wake ni kama mita za ujazo 0.28, yaani kilo 280. Hiyo ni mifuko ya saruji mitano na nusu, inaning'inia juu ya bati la mtu.

Kuna kitu kingine kinachowapotosha hata wazoefu. Pingili ya urefu uleule ikiwa na kipenyo cha sentimita 30 ina kilo 70 tu. Kipenyo kimeongezeka mara mbili, uzito umeongezeka mara nne. Ndiyo maana kazi iliyokwenda vizuri tangu asubuhi, matawi yakishuka moja moja bila matatizo, huharibika alasiri mnapofika kwenye shina. Mmechoka, jua limewapiga, na mkono bado unakata kwa urefu uliouzoea kule juu. Kwetu sisi shina likinenepa pingili inafupishwa, na mwenye nyumba akilalamika kwamba tunachelewa, basi alalamike.

2. Kapi hubeba mara mbili, na huo ni mwanzo tu

Funga kapi kwenye panda ya mti, pitisha kamba, upande mmoja ning'iniza kilo 100, upande wa pili mtu azizuie zisishuke. Ukiuliza ile panda inabeba kiasi gani, wengi watasema kilo 100. Inabeba 200. Anayezuia naye anavuta kuelekea chini kwa nguvu ileile, na kapi linabeba pande zote mbili. Hata kamba zikitanuka mpaka zikafanya pembe mraba, mzigo kwenye kapi bado ni kama mara 1.4 ya uzito wa pingili. Na hapo pingili imetulia, haijasogea.

Shida yenyewe huja wakati wa kushusha shina. Matawi yamekwisha, hakuna panda iliyobaki juu, kwa hiyo kapi linafungwa chini ya mkato. Pingili ikikatika inaanguka kwanza, inalipita kapi, ndipo kamba inapokaza. Mita moja au mbili za kuanguka bure zinatosha kuzigeuza zile kilo 280 kuwa mshtuko wa tani kadhaa ikiwa kamba itakabwa ghafla. Na kapi limefungwa wapi? Kwenye shina lilelile ambalo kijana wetu amejifunga. Nimeliona shina la mvinje likiyumba kwa mshtuko kama huo mpaka mtu aliyekuwa juu akarushwa huku na huku, mikono yote miwili imekumbatia gome, na chenso inabembea kiunoni.

Dawa iko chini, kwa mshika kamba. Kamba inazungushwa kwenye sehemu ya chini ya shina, mizunguko miwili au mitatu kulingana na uzito, na msuguano ndio unaofanya kazi. Mshika kamba mzuri haikabi pingili. Anaiachia ikimbie, halafu anaanza kuibana taratibu, kidogo kidogo, mpaka inasimama jirani na ardhi. Ukisimama karibu naye unasikia kamba ikilia kwenye gome na kuona vumbi jekundu la gome likiruka, na akibana mapema mno unapata harufu ya plastiki inayoungua. Hajizungushii kamba mkononi hata kwa sekunde moja, na hasimami ndani ya kamba iliyolala chini, kwa sababu kamba inayokimbia ikiukuta mguu ndani ya tanzi inaondoka nao.

Vikosi vingi humpa kazi hii yeyote aliyepo: mtoto wa jirani, mlinzi wa geti, hata mpita njia. Mimi namlipa mshika kamba sawa na mpandaji. Kwa maoni yangu, angestahili hata zaidi.

3. Kamba huzeeka kwa ndani

Tanga ni mji wa katani, na kamba ya katani bado inapatikana kwa bei nzuri. Kwa kufungia mizigo kwenye lori haina kasoro. Kwa kushushia pingili, hapana. Ikishalowa na kukauka mara kadhaa huoza kutoka katikati wakati nje bado inaonekana nzima. Ukitaka kujua hali yake, ishike kwa mikono miwili, izungushe kinyume cha msokoto mpaka nyuzi zifunguke, uchungulie. Kama unamwagika unga wa kahawia, kamba hiyo ikafungie mbuzi.

Zile kamba za plastiki, za buluu na kijani zinazojaa madukani, zina ugonjwa mwingine. Jua linazila, na joto la msuguano linaziyeyusha, kwani aina yake huyeyuka kwenye nyuzijoto kama 160 tu. Pitisha vidole kwenye kamba iliyotumika: ukigusa sehemu ngumu inayong'aa, hapo ilishaanza kuyeyuka. Fundo nalo lina gharama yake, hupunguza nguvu ya kamba kwa kiasi cha robo hadi nusu kutegemea aina ya fundo. Na kamba yoyote iliyowahi kupata mshtuko mkubwa inastaafu siku hiyohiyo, hata kama haina alama. Hilo ndilo gumu kuliko yote kumweleza mtu aliyeinunua kwa fedha yake.

4. Mti unasomwa kuanzia kwenye mizizi

Kabla kamba haijatoka kwenye gunia, ninauzunguka mti. Natafuta uyoga mgumu uliojibandika kwenye shina karibu na ardhi, maana ukiuona huo ujue kuoza kumeanza zamani. Natafuta vichuguu vya mchwa, nyufa kwenye udongo upande ambao mti hauegemei, na mizizi iliyokatwa na watu waliochimba msingi wa ukuta. Halafu nachukua nyundo na kugonga shina kuzunguka pande zote. Mti mzima hujibu kwa sauti fupi, nzito. Mti wenye uwazi ndani hujibu kama ngoma. Kuna kanuni ya kukadiria inayotumiwa na wataalamu wa miti: ukuta wa mti mzima uliobaki ukiwa chini ya karibu theluthi ya nusukipenyo cha shina, usiuamini. Mimi mti wa namna hiyo siupandi kabisa, wala sifungi kapi juu yake. Tunatafuta gari la kreni au tunafunga kwenye mti wa jirani, na kama vyote viwili havipo, tunamwambia mwenye nyumba ukweli.

Panda ni habari nyingine. Panda iliyo wazi kama herufi U kwa kawaida ina nguvu. Ile iliyobanana kama V, mashina mawili yakienda juu bega kwa bega, mara nyingi imemeza gome katikati, na pale penye gome hapana mshikamano wowote. Ukiiangalia kwa nje unaona mti mmoja, kumbe ni miwili imeegemeana. Mpandaji akijifunga mkanda kuzunguka mashina yote mawili na panda ikapasuka, mkanda hauna pa kwenda ila kumbana yeye. Kwa hiyo tunafunga panda ya namna hiyo kwa mikanda ya kubania mizigo kabla mtu hajapanda, na mpandaji anajifunga kwenye shina moja tu.

Kila mti una tabia yake pia. Mgrevilea, ambao kule Kilimanjaro na Arusha umejaa mipakani mwa mashamba, una matawi yanayokatika ghafla bila kupinda, kwa hiyo haukupi onyo. Mkaratusi unaweza kudondosha tawi zima siku ya joto isiyo na upepo hata kidogo, na gogo lake likikatwa linaweza kupasuka lenyewe mwishoni kwa mkazo uliokuwa ndani tangu mti ukikua. Mbuyu ni laini na umejaa maji, haushiki bawaba ya mkato, yaani ule ukanda usiokatwa unaouongoza mti ukianguka. Mnazi nao mti wake mgumu uko nje, ndani ni laini, kwa hiyo mbinu za mwembe hazifanyi kazi kwake. Katika pwani yetu minazi mingi imekufa kwa ugonjwa wa kunyong'onyea na imebaki magogo yaliyosimama bila kichwa. Mkwezi mmoja mzee aliwahi kuniambia, "Mwanangu, mnazi uliokufa usiuegemee hata bega." Hiyo minazi haipandwi. Inakatwa kutoka chini, na watu wote wakiwa mbali, maana kipande cha juu kinaweza kumeguka kwa mtikisiko wa chenso tu.

Na misumari! Mwembe wa barabarani umebeba vibao vya waganga, matangazo ya vyumba vya kupanga, waya wa kuanikia nguo na seng'enge ya ua wa zamani. Mti huvimeza vyote na kuvifunika kwa gome. Mnyororo wa chenso ukikutana na chuma hicho, ukiwa na bahati unapoteza meno tu.

5. Tawi lililobanwa lina hasira

Mti uliosimama wima ni mpole ukilinganisha na ulioanguka. Baada ya kimbunga Hidaya kuingia pwani yetu Mei 2024, kila aliyekuwa na panga alijiona fundi, na mimi niliogopa zaidi wiki ile kuliko msimu mzima. Sababu ni hii: tawi lililopindwa lina upande uliovutwa na upande uliobanwa. Ukikata upande uliobanwa, mkato unajifunga na kuushika msumeno. Ukikata ule uliovutwa kwa pupa, nyuzi zinaachia zote kwa mara moja na tawi linarudi kwa nguvu iliyolipinda, mara nyingi usawa wa uso au kifua. Anayejua anaanza kwa kukata kidogo upande uliobanwa, halafu anahamia ule uliovutwa na kukata kwa vipande vifupi vifupi, akiwa amesimama pembeni ya njia ambayo tawi litapita. Vijiti vyembamba ndivyo vinavyodharauliwa, na ndivyo vinavyotoa macho.

Mti uliong'olewa na mizizi yake una mtego mwingine. Sahani ya mizizi imesimama wima, na chini yake kuna shimo. Uzito wa shina ndio unaoishikilia pale ilipo. Ukikata shina, kisiki kinaweza kurudi ghafla shimoni. Watoto wanalipenda shimo lile, wanaingia kucheza na kuchimba udongo laini. Kabla ya kukata, mtu mmoja lazima aende kuchungulia shimoni kwa macho yake, si kuuliza tu kwa sauti kama kuna mtu.

Mti ulioegemea upande mmoja sana nao hupasuka wima. Unakata mdomo mbele, unaanza mkato wa nyuma, na kabla hujafika kwenye bawaba shina linapasuka kwa urefu kwenda juu. Nusu ya nyuma inaruka kinyumenyume pale ulipo wewe, kwa nguvu ya kuua. Namna ya kuuzuia ni kupitisha msumeno kwa kuchoma katikati, kutengeneza bawaba kwanza, kuacha kishikizo nyuma, na kukata kishikizo hicho mwisho. Bawaba yenyewe iwe na unene wa kama sehemu moja ya kumi ya kipenyo. Ikiwa nyembamba mno, mti unajiamulia wenyewe pa kwenda. Kuchoma kwa ncha ya chenso nako kuna hatari yake, kwa sababu robo ya juu ya ncha ya bao linalobeba mnyororo ikigusa mti kwanza, msumeno unaruka kumrudia aliyeushika. Mbinu hii haifundishwi kwa maneno. Mtu aende akakae na fundi.

Njia ya kukimbilia husafishwa kabla ya mkato, si baada yake. Ni kwa kurudi nyuma kimshazari, kulia au kushoto, siyo kinyumenyume moja kwa moja, maana huko ndiko kitako cha mti kinakorukia.

6. Umeme umekatika? Usiamini giza

Hapa sina utani. Laini za msongo wa kati zinazopita mitaani zina kilovolti 11 au 33, na hazina ganda la kuzuia. Huhitaji kuzigusa ili zikudhuru, inatosha kuzikaribia, wewe au tawi ulilolishika. Tawi bichi linapitisha umeme. Kamba iliyolowa inapitisha umeme. Upondo mrefu wa mwanzi wa kuangulia maembe, ukiwa mbichi au umelowa, nao unapitisha.

Watu husema, "Fundi, kata haraka haraka, umeme umekatika." Umeme unaokatika kwa mgao au hitilafu hurudi bila kumwuliza mtu, mara nyingi dakika ambayo uko katikati ya kazi. Tena kuna jenereta. Jirani amewasha jenereta yake, hakuweka swichi ya kubadilishia, umeme wake unarudi kwenye waya wa mtaa, unafika kwenye transfoma na kupandishwa kuwa msongo wa kati upande wa pili. Mtaa mzima uko gizani na waya uliolala juu ya tawi una uhai kamili. Laini iliyo salama ni ile ambayo watu wa shirika la umeme, TANESCO, wamekuja wenyewe, wakaizima, wakaipima na kuiunganisha na ardhi mbele ya macho yako. Tukikuta mti umegusa laini, hatuanzi. Tunawapigia simu na kukaa kivulini, na siku ikipita bila wao kuja, tunarudi siku nyingine.

Waya ukianguka chini, ardhi yenyewe inakuwa na umeme kuzunguka pale ulipoangukia, na hatua ndefu ya miguu inatosha kuupitisha mwilini. Watu wakae angalau mita 10 mbali. Aliye karibu tayari aondoke kwa kuburuta nyayo zikiwa zimegusana, asikimbie. Na asijaribu kumvuta mwenzake aliyenaswa kabla umeme haujazimwa na wenye laini. Misiba ya watu wawili wawili huanzia hapo.

7. Mti una wenyewe

Nyuki wakiwa ndani ya shina lenye uwazi, huwezi kuwaona mpaka mtikisiko wa chenso uwaamshe. Nyuki mmoja akimchoma mmoja wenu, anaacha harufu inayofanana na ndizi mbivu, na harufu hiyo ndiyo tarumbeta ya kuwaita wengine. Mtu wa chini anakimbia. Mtu wa juu amefungwa mkanda. Kwa hiyo kabla ya kuwasha mashine tunakaa kimya kidogo na kuangalia matundu, asubuhi jua likishapasha, tuone kama kuna wanaoingia na kutoka. Wakiwemo, tunamwita mrina asali usiku, na kazi yetu inasubiri.

Maji moto, wale sisimizi wa kwenye miembe, hawaui, lakini wakikuingia shingoni wakati mkono mmoja umeshika tawi, unaweza kufanya jambo la kijinga. Hongo, yule nyoka wa kijani wa pwani, hupenda majani mazito ya mwembe na hana haja na wewe ukimpa nafasi ya kuondoka. Upupu uliotambaa mpaka kileleni ni adha wakati wa kiangazi, kwani mtikisiko mdogo unaumwaga wote juu ya anayepanda. Na ua wa minyaa chini ya mti usidharauliwe: gogo likiuponda, utomvu mweupe unaruka, na ukiingia jichoni unachoma vibaya na unaweza kumpofusha mtu kwa muda au moja kwa moja. Maji mengi safi, papo hapo, kisha hospitali.

8. Aliye juu usimngoje chini

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Walikuwa na maana yao, lakini kwenye kazi yetu usemi huu inabidi ugeuzwe. Chini ndiko wanakokaa wachukua kuni wenye haraka, mtoto aliyefuata mpira, shangazi anayevuka na ndoo kwa sababu "nipite tu mara moja," na mwenye nyumba anayekuja kuelekeza. Tunafunga utepe, tunamweka mtu getini, na mpandaji hakati mpaka amesikia jibu kutoka kwa mshika kamba. Neno moja la kuanza, neno moja la kusimamisha. Neno la kusimamisha analo kila mtu, hata mgeni wa siku ya kwanza, na likitamkwa hakuna anayeuliza sababu mpaka chenso izimwe.

Ardhi yenyewe pia hudanganya. Nyumba zetu nyingi zina karo la maji machafu uani, limefunikwa zege jembamba, juu yake kumemwagwa mchanga na kupandwa maua. Pingili ikianguka pale, hata kutoka mita chache tu, zege linavunjika. Nimeshuhudia mahali gogo likitoweka ardhini na mfuniko wake, hatua chache kutoka kwa vijana waliokuwa wakikokota matawi. Tangu hapo kila nyumba tunayoingia tunauliza: karo liko wapi, bomba la maji linapita wapi, kisima cha zamani kilifukiwa wapi? Mara nyingi mwenye nyumba hajui, kwa sababu amenunua. Mwulize jirani mzee. Anzia na shikamoo, atakuonyesha mpaka alipozikwa mbwa.

Halafu kuna mtindo wa kuvuta mti kwa gari. Kamba ya nailoni hutanuka sana kabla ya kukatika, na ikikatika inarudi kwa kasi isiyoonekana. Hakuna anayeruhusiwa kusimama kwenye mstari wake, na dereva hafai kuwa amekaa mbele ya mti kwa kamba iliyo fupi kuliko mti wenyewe. Hili linaonekana wazi likiandikwa. Mtaani hulioni likizingatiwa.

9. Nani atamshusha?

Tuseme kijana yuko mita 12 juu na chenso imempata pajani, au tawi limempiga akazimia, ananing'inia kwenye mkanda wake. Mtu aliyening'inia bila kujisogeza damu yake hukusanyika miguuni na hali yake hubadilika haraka, ndani ya dakika, si saa. Gari la zimamoto linaweza kuwa mbali au lisiweze kupita kwenye kichochoro. Wanaume kumi wamesimama chini, kila mmoja ana maoni, na hakuna hata mmoja anayeweza kupanda.

Ndiyo maana katika kikosi chetu hapandi mtu ikiwa hakuna mpandaji wa pili chini, mwenye mkanda wake mwilini na kamba ya pili imeshapitishwa juu tangu asubuhi. Anayekata hujifunga mara mbili, kamba ya kupandia na mkanda wenye waya wa chuma ndani, kwa sababu chenso moja inaweza kukata kamba moja kwa kufumba na kufumbua. Sanduku la huduma ya kwanza lina bandeji nene za kubana damu, nyingi, siyo plasta za vidole. Yote hayo yanapandisha bei, na wapo watakaokuja kukufanyia kazi hiyohiyo kwa nusu yake, wakiwa na panga, ndala na kamba ya buluu.

Kwa hiyo wewe mwenye mti, kabla hujapatana bei, muulize fundi maswali matatu. Mwombe akuonyeshe kamba zake. Muulize kama ameandikisha vijana wake kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Na muulize huyo anayepanda akipata ajali kule juu, ni nani hapa chini atakayemshusha. Akicheka swali la tatu, mpe nauli aende, na mti wako uendelee kusimama mpaka upate mwingine.